Mzee Fri Aondoka, Klachi Yarudi

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku ambazo yeye mwenyewe anazijua idadi yake, fundi mkuu wa giaboksi wa karakana yetu amestaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita. Kazi ya kumwandikia wasifu katika jarida hili la wafanyakazi nimepewa mimi, mtunza stoo. Nilipouliza kwa nini nisiachwe na stoo yangu, wakatafuta mtu mwenye kalamu nzuri, nilijibiwa kwamba hakuna anayemjua kama mimi, na tena hakuna aliyemharibia mambo kama mimi. Yote mawili ni kweli. Hilo la pili nitalisema humu humu, maana karakana nzima inalijua.

Kwa waliojiunga nasi juzijuzi na wanamjua kwa jina la utani tu, ngoja niwaeleze lilikotoka. Kila dereva anajua kwamba gari likiwa fri, mkono wa gia umekaa katikati na gari halimo kwenye gia yoyote. Katika mwaka wake wa pili kazini, fundi mmoja aliwasha lori lililoachwa kwenye namba moja. Lori likaruka, likavunja mlango wa choo cha wanaume. Ndani alikuwamo mhasibu. Hakuumia hata kidogo, ila tangu siku hiyo alikuwa akienda choo cha ghorofani, mpaka alipohamishwa.

Basi toka hapo, kaka yetu hakuweza tena kuona mkono wa mtu unakwenda kwenye ufunguo bila kupaza sauti: "Weka fri!" Na hakutosheka na kuambiwa kwamba gari liko fri. Lazima aone mkono wa gia ukitikiswa kushoto na kulia mara tatu, ndipo injini iwashwe. Mameneja wamekuja na kuondoka, wote walitikisa. Kikao kikipamba moto na watu wakianza kunyoosheana vidole, sauti ilikuwa ikitoka viti vya nyuma kuwaambia waweke fri, na kikao kinavunjika kwa kicheko. Jina likamganda: Mzee Fri. Alikuwa na miaka ishirini na saba tu alipoitwa mzee.

Alianza kazi kama mwosha vipuri, mikono ndani ya mafuta ya taa kutwa nzima. Mwaka wa tatu alihamishiwa kwenye giaboksi, na mwaka wa kumi na nne akawa mkuu wa kitengo. Masikio yake yalikuwa kifaa cha kazi. Dereva aliyeharibikiwa njiani alikuwa akipiga simu, anaisogeza chini ya gari injini ikiunguruma, na Mzee Fri huku akinywa chai yake anasema ni beringi ipi imekufa. Alikosea mara moja tu, na siku hiyo ilikuja kujulikana kwamba dereva alikuwa ameisogeza simu kwenye gari la jirani.

Kwangu stoo alikuwa mteja msumbufu kuliko wote. Kila beringi mpya niliyomkabidhi aliizungusha kwanza karibu na sikio, macho kafumba, kama anaisikiliza inamsengenya nani. Akirudisha, anarudisha bila maneno, anaiweka juu ya meza na kuondoka. Nilimchukia kwa miezi sita hivi. Baadaye nikagundua kwamba kila aliyoirudisha ilikuwa na kasoro kweli, nikaanza kuzisikiliza na mimi.

Sasa nije kwenye mapenzi, maana bila hayo wasifu huu hauendi popote. Kampuni ilikuwa na dereva mwanamke mmoja tu, aliyeendesha basi la wafanyakazi. Madereva wengine walikuwa wakiunguza klachi, inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto kila gia inapobadilishwa, kila baada ya miezi michache. Basi la yule mama, mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, klachi nzima. Mzee Fri akasema lazima amwone huyo mtu mwenye mguu wa namna hiyo. Tatizo likawa kwamba basi lisiloharibika halifiki karakana. Ndipo akabuni ukaguzi wa giaboksi wa kila Jumatano, kwa basi hilo moja tu. Ukaguzi huo ulidumu miezi minane bila kuonyesha kasoro yoyote, hadi yule mama alipomuuliza waziwazi kama anakagua giaboksi au anakagua dereva. Wakaoana mwaka uliofuata. Tangu hapo yeye ni wifi yangu, na kaka ni kaka yangu wa kazini.

Wifi alikuwa na gari lake mwenyewe, alilopewa na shangazi yake: gari dogo la rangi ya maziwa, ambalo leo lina miaka arobaini na sita. Usukani mwembamba, viti vya ngozi vilivyopasuka pembeni, na gia nne za mkono zilizoingia kwa ulaini wa ajabu. Ilikuwa raha kumtazama wifi akiliendesha. Alikuwa akibadilisha gia huku anakusimulia jambo, na hujui amebadilisha saa ngapi.

Miaka kumi na moja iliyopita, wifi alikuja karakana kuchukua ufunguo wa basi. Karibu na shimo la ukaguzi palikuwa na mafuta ya giaboksi yaliyomwagika. Aliteleza, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili juu ya kifundo. Giaboksi lililomwaga mafuta yale lilikuwa limefunguliwa na Mzee Fri. Yeye ndiye aliyembeba hadi kwenye gari la wagonjwa. Tuliokuwapo siku ile tunaukumbuka uso wake.

Daktari aliweka vyuma na kusema mguu ule usikanyage klachi kwa miaka miwili, na basi la wafanyakazi likapewa dereva mwingine. Mzee Fri hakusubiri. Kwenye gari bovu la aina ile ile alipata giaboksi la otomatiki, na ndani ya wiki mbili gari la wifi likawa la pedali mbili, linalobadilisha gia lenyewe. Wifi alishukuru, kwa kuwa angalau angeweza kutoka nyumbani. Lakini hakulipenda. Alikuwa akisema kwamba mume mmoja wa kumwamulia mambo anamtosha, hana haja ya gari nalo liwe linamwamulia.

Karakana nayo ilibadilika. Mzee Fri alileta magunia ya unga wa mbao na kuyapanga kila kona, na akaweka sheria yake kwamba tone likidondoka, unga unafuata, hata kama mikono yako imeshika injini. Watu waliguna. Lakini tangu mwaka ule hakuna mtu mwingine aliyeteleza kwenye sakafu yetu, na ile tuzo ya usalama kazini inayoning'inia mapokezi, ambayo kila meneja hupiga nayo picha, imetokana na magunia hayo. Hilo liandikwe kwa wino mzito.

Miaka miwili ilipita, daktari akasema mguu umepona, mgonjwa ruksa kukanyaga chochote anachotaka. Wifi akaomba klachi yake. Kaka akamjibu kwamba lile giaboksi la zamani limeshakufa, na vipuri vyake havipatikani tena. Kweli, lilikuwa stoo kwangu, nyuma ya betri, limefungwa turubai na kuandikwa kwa rangi nyekundu MBOVU. Nimejikwaa kidole gumba pale kwa miaka tisa.

Jambo moja lilinishangaza, ila sikulifikiria sana. Alasiri za utulivu kaka alikuwa akija, anafunua turubai, anapaka mafuta, anauzungusha mhimili kwa mkono, anasikiliza, anafunika. Nikajiambia, mafundi nao wana mambo yao.

Mwezi wa pili mwaka huu zililetwa rafu mpya, nikahitaji ile kona. Mzee Fri alikuwa safarini kwa kazi, kwa hiyo nikampigia simu wifi, nikamwomba amkumbushe aliondoe giaboksi lao. Mdomo wangu huu haujui kuishia njiani. Nikaongeza kwamba ni dhambi kukiacha kimekaa bure kitu kizima kama kile, meno yote yanang'aa, likizungushwa halitoi hata sauti, na kaka analipaka mafuta kila mara. Wifi akaniomba nirudie. Nami, kwa kudhani simu inakatika, nikarudia kwa sauti kubwa, na kutia chumvi kidogo.

Jamani! Kesho yake asubuhi alishuka kwenye basi la abiria, akaja moja kwa moja stoo, akapiga magoti, akafunua turubai, akazungusha. Giaboksi likazunguka kimya. Alipolisoma lile neno MBOVU aliinuka bila kuniangalia, na mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Alimsubiri mumewe siku mbili, na mumewe aliporudi kazini, wifi alimfuata hapo hapo kwenye shimo la ukaguzi, mbele yetu sote. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba amekaa miaka tisa akisubiri mguu ambao ulikwisha kupona. Alimwambia kwamba siku atakayostaafu, yeye mkewe ndiye atakayemtoa kwenye geti hili, kwa mguu wake wa kushoto na klachi yake. Kama si hivyo, zawadi yake ya kuagwa ataibeba kichwani hadi nyumbani, na yeye atampungia mkono kutoka dirishani mwa basi. Na mpaka siku hiyo ifike, hatakanyaga ndani ya gari lile. Alipomaliza akatuaga mmoja mmoja kwa adabu zake zote, akaenda kituoni.

Kaka hakujitetea. Wakati wa chai alituambia ukweli, na mimi nauandika kama alivyousema. Aliogopa. Kila akifikiria klachi, aliuona mguu ule ukiwa kwenye sakafu, ndani ya mafuta yake. Alidhani akiiondoa klachi ataondoa na hofu. Hakuna aliyemcheka siku hiyo. Miezi minne iliyofuata tulimwona akiingia na kutoka getini na kiti cha pembeni kikiwa kitupu, na mwenzake anapanda basi. Ilituuma.

Kaka alikubali kuirudisha klachi, na meneja akaturuhusu kutumia shimo la ukaguzi kila Jumamosi mchana. Kutoa otomatiki na kurudisha gia za mkono si kubadilisha soksi. Giaboksi ni la urefu mwingine, kwa hiyo propela ya kupeleka nguvu nyuma nayo ilibadilishwa, na kiungo cha kulibeba kikasogezwa. Tundu la mkono wa gia lililozibwa sakafuni likafunguliwa. Pedali ya tatu ikapatikana, unajua wapi? Kwenye kabati la Mzee Fri, imefungwa kwenye gazeti la mwaka ule ule wa ajali. Fundi umeme naye alikuwa na lake. Gari la otomatiki lina swichi inayolizuia lisiwake likiwa kwenye gia, na swichi hiyo ilibidi iondolewe. Akamwonya Mzee Fri kwamba kuanzia sasa hakuna wa kulizuia gari lile isipokuwa dereva mwenyewe. Mzee Fri akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayefundishwa jina lake. Ikumbukeni sehemu hiyo.

Jumamosi ya mwisho, siku sita kabla ya kuagwa, giaboksi lilikuwa juu ya jeki tayari kusukumwa mahali pake. Wifi alikuja siku hiyo kwa mara ya kwanza, eti kutuletea chai, akasimama ukingoni mwa shimo na chupa mkononi. Mzee Fri akaingiza kidole kwenye tundu la ncha ya injini kuhakikisha. Palikuwa patupu.

Mahali pale hukaa kibushi cha shaba, hakizidi pete ya kidole gumba, na ncha ya mhimili wa giaboksi hukaa ndani yake. Otomatiki haikihitaji, kwa hiyo alikitoa miaka kumi na moja iliyopita. Bila hicho klachi haiwezi kuachia vizuri, na meno yatalia. Mimi nilipindua stoo juu chini. Fundi wa kukereza akasema anaweza kuchonga kipya, lakini shaba ya kipimo kile ingefika baada ya wiki mbili. Wifi akaanza kufunga kifuniko cha chupa ya chai.

Mzee Fri aliketi juu ya tairi. Akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa funguo zake. Funguo zile wote tunazijua: ya kabati, ya nyumba, ya gari, na ile pete ya shaba iliyong'arishwa na mfuko. Sisi tuliiona kuwa pambo. Mimi mwenyewe nimewahi kumtania kwamba ni pete ya ndoa iliyomshinda kidole. Aliichomoa kwa koleo. Akatueleza kwamba aliivalisha pale siku ile ile aliyoitoa, isije ikapotea katika ile miaka miwili. Hofu ilipomzuia kuirudisha, akashindwa pia kuitupa. Ameishika kila siku alipofungua mlango, hadi akasahau kwamba anaishika.

Wifi akanyoosha kiganja. Akakipokea kibushi, akakiweka jichoni na kumtazama mumewe kupitia katikati yake, kwa muda mrefu. Kisha akakirudisha na kumwambia afanye haraka, chai inapoa. Mimi nililia, sifichi. Fundi wa kukereza alidai ni vumbi.

Alhamisi jioni gari lilikuwa tayari kuwashwa kwa mara ya kwanza. Karakana nzima ilikusanyika. Mzee Fri akaingia kama bwana harusi. Mguu wa kulia umeigusa breki kidogo tu, mguu wa kushoto umetulia sakafuni, kama alivyozoea kwa miaka kumi na moja ya otomatiki. Akazungusha ufunguo. Gari lilikuwa kwenye namba moja.

Liliruka, ndugu zangu. Liliruka likabusu rundo la matairi na kuzima hapo hapo. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke kutoka mlangoni, kali, yenye raha ya miaka mingi: "Weka fri!"

Tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Fundi umeme alikaa chini kabisa. Mzee Fri alitoka mle ndani akiwa ameziba uso kwa mikono miwili, na mabega yanamtikisika, na tulidhani kaumia kumbe anacheka kuliko wote. Wifi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Alama ndogo imebaki kwenye bampa, na wenyewe wameamua isinyooshwe.

Ijumaa tulimuaga. Hotuba zilikuwa tatu, mbili zilikuwa ndefu. Zawadi ilikuwa kiti kikubwa cha kupumzikia, ambacho hakuna aliyekipima, kwa hiyo kilifungwa kwa kamba juu ya paa la gari, miguu ikitazama mbinguni. Wifi akaingia upande wa usukani. Kaka akaketi pembeni, mikono juu ya magoti.

Mnaifahamu njia ya geti letu, ilivyopanda, na mnamfahamu mlinzi wetu, ambaye humsimamisha hata meneja katikati ya mlima. Tulimwomba siku hiyo aliache gari lipite. Akasema sheria ni sheria. Wifi alitikisa mkono wa gia kushoto na kulia mara tatu bila kuambiwa na mtu, akawasha, akapanda, na mlinzi akamsimamisha hapo hapo penye mwinuko mkali. Akazunguka gari taratibu, akakagua kiti kile juu ya paa. Sote tulikuwa tunaufikiria mguu mmoja tusioweza kuuona.

Kizuizi kikainuliwa. Gari halikurudi nyuma hata kidole kimoja, wala halikuruka. Liliondoka kama maji yanavyomiminwa na mtu asiye na haraka, likafika juu, na pale tukasikia namba mbili ikiingia bila kulia. Honi tatu. Mzee Fri alitoa kichwa dirishani, akageuka upande wa dereva na kusema jambo ambalo hatukulisikia kwa shangwe zetu. Mlinzi, aliyekuwa karibu zaidi, alilisikia. Anasema kaka alikuwa akimwambia mkewe kwamba klachi inashika vizuri, na mkewe akamjibu kwamba abiria hazungumzi na dereva gari likiwa kwenye mwendo.

Kaka, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante kwa masikio yako, kwa magunia ya unga wa mbao, kwa kila beringi uliyoirudisha mezani kwangu. Kona yako ya stoo sasa ni tupu, na nimegundua kwamba kidole changu kimezoea kujikwaa pale. Miaka thelathini na minne ulitukumbusha neno moja. Leo tunakurudishia wewe, uliyefika mahali pako pa kupumzika: weka fri. Msalimie dereva wako, na kila mkitoka mwende salama ninyi wawili, maisha yenu yote yaliyobaki.